Fuata Himoglobini: Namna ya Kuisoma Baiolojia ya Kidato cha Tano na Sita kwa Uzi Mmoja

Mwanafunzi wa PCB au CBG akifungua madesa yake ya Baiolojia hukuta usafirishaji wa gesi kivyake, figo kivyake, protini kivyake, na jenetiki imesukumwa huko mwisho kana kwamba ni somo la mwalimu mwingine. Akisoma kwa mpangilio huo atameza na kutema, na siku swali likija limefunga mada tatu kwa pamoja atabaki kulikodolea macho. Maswali yenye alama nyingi ndiyo hayo.

Mwongozo huu unakupa njia nyingine. Chagua molekuli moja, uifuate kuanzia kwenye pumzi hadi kwenye jeni, kisha utoke nayo nje ya mwili uone inavyokwenda katika jamii nzima ya watu. Molekuli yenyewe ni himoglobini. Inagusa karibu kila mada ya silabasi, na kasoro yake mashuhuri, selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, ni jambo la nyumbani: Tanzania peke yake huzaliwa watoto takribani 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Darasa lako likiwa na watu hamsini, kuna kila dalili kwamba wamo wanaobeba jeni hiyo, na huenda yumo anayeishi na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo pima maneno unapojadiliana na wenzako. Unachokichora kwenye daftari ni maumivu ya mtu.

Tafuta karatasi ya manila, ibandike ukutani, uandike himoglobini katikati. Kila mada utakayosoma kuanzia hapa ivutie mstari kwenda katikati, na juu ya mstari huo andika sababu ya uhusiano. Neno "figo" pekee halitoshi. "Medula ya figo ina oksijeni kidogo, kwa hiyo himoglobini ya selimundu (S) hushikana huko" linatosha. Mstari ukikosa sababu, mada hiyo hujaielewa bado.

Anzia mapafuni

Chora mwenyewe grafu ya himoglobini na oksijeni, kuinakili hakusaidii. Kwenye mhimili wa mlalo weka shinikizo la oksijeni kwa milimita za zebaki, kwenye wima weka asilimia ya himoglobini iliyojaa oksijeni. Pigia alama tatu tu: kwenye 100 ni kama asilimia 98, kwenye 40 ni 75, kwenye 27 ni 50. Unganisha hadi sifuri na utapata mkunjo wa herufi S.

Jiulize kwanza kwa nini haukuwa mstari ulionyooka. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini, alfa miwili na beta miwili, na kila mmoja una hemu yenye chuma inayoshika molekuli moja ya oksijeni. Oksijeni ya kwanza hupata tabu kuingia. Ikishaingia hubadilisha umbo la mnyororo wake, na badiliko hilo huvuta umbo la jirani zake, wakawa wepesi kupokea. Kwa hiyo mwanzo wa mkunjo umelala, katikati umepanda kwa kasi, na juu umelala tena kwa sababu nafasi zimekwisha.

Halafu jiulize faida yake. Pale juu palipolala, shinikizo la oksijeni mapafuni linaweza kushuka kutoka 100 hadi 80 na himoglobini ikajaa karibu vilevile. Kwenye tishu zilizopumzika shinikizo ni kama 40, na hapo himoglobini huachia robo tu ya mzigo wake. Robo tatu zinarudi mapafuni zikiwa bado zimebebwa! Hiyo ni akiba. Msuli ukianza kukimbia, shinikizo lake hushuka hadi 20 au chini, na kwa kuwa hapo grafu ni mteremko mkali, oksijeni humwagika. Kabonidioksaidi, asidi na joto la msuli unaofanya kazi husukuma mkunjo wote kulia, himoglobini ikaachia zaidi. Ukiweza kumweleza mtu haya kwa kidole kikitembea juu ya grafu, mada ya usafirishaji wa oksijeni imekwisha.

Chora mkunjo wa pili upande wa kushoto wa ule wa kwanza. Huu ni wa himoglobini ya kijusi, yenye minyororo miwili ya gama badala ya beta. Yenyewe hujaa nusu kwenye shinikizo la kama 19, na ndiyo maana mtoto tumboni huweza kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo. Uweke alama mkunjo huu. Utauhitaji mara mbili mbele.

Kuhusu kabonidioksaidi sina mengi. Asilimia 70 hivi husafiri kama bikaboneti, kimeng'enya cha kuitengeneza kimo ndani ya chembe nyekundu, na bikaboneti ikitoka nje ioni za kloridi huingia kushika nafasi yake. Kariri hayo uendelee.

Kaa zaidi kwenye chembe nyekundu yenyewe, kwa maana hapa watahini hupenda kutega. Ina takribani molekuli milioni 270 za himoglobini. Haina kiini wala mitokondria. Kwa hiyo nishati yake huipata kwa kuvunja glukosi bila oksijeni, na haigusi mzigo inaoubeba. Haiwezi kujikarabati kwa kutengeneza protini mpya, hivyo huishi siku 120 hivi kisha huvunjwa. Sasa jibu hili kabla hujaendelea: ikiwa chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, DNA ya kupima selimundu kwenye tone la damu hutoka wapi? Hutoka kwenye chembe nyeupe. Jeni yenye kasoro imo kwenye kila seli ya mwili yenye kiini, hata ya ngozi na ya ini; ila hutumika kwenye uboho tu, mahali chembe nyekundu zinapotengenezwa.

Herufi moja

Jeni ya mnyororo wa beta iko kwenye kromosomu ya 11. Ya alfa iko kwenye kromosomu ya 16, na jambo hilo dogo litatusaidia tukifika kwenye utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Kwa mwenye himoglobini ya kawaida, ile A, kodoni ya sita husomeka GAG, nayo huleta asidi ya glutamiki. Kwa himoglobini S herufi ya katikati imebadilika ikawa GTG, na badala ya asidi ya glutamiki huja valini. Basi. Ugonjwa mzima unatokana na badiliko hilo la herufi moja.

Hapa watu hupoteza alama za bure, kwa hiyo andika vizuri. GAG kwenda GTG ni kwenye uzi wa DNA unaofanana na ujumbe. Kwenye uzi unaonakiliwa ni CTC kwenda CAC. Kwenye RNA ni GAG kwenda GUG, kwa sababu RNA haina T. Swali likitaja uzi mmoja nawe ukajibu wa mwingine, umekosa ingawa unajua. Vilevile ukikuta kitabu kingine kimeandika nafasi ya saba usishtuke: kimehesabu na methionini ya mwanzo, ambayo hukatwa protini ikishatengenezwa.

Kwa nini valini ilete balaa? Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na hupatana na maji. Valini haina chaji na huyakwepa maji. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, umbo lake halina mahali pa kuipokea valini ya jirani, na mambo huenda sawa. Ikiachia oksijeni, umbo hubadilika na kishimo kisichopenda maji hujitokeza kwenye mnyororo wa beta. Valini ya molekuli ya pili huingia humo, ya tatu hujishikiza kwa ya pili, na punde nyuzi ndefu ngumu hujaa ndani ya chembe na kuipinda hadi ifanane na mundu.

Rudi kwenye grafu yako. Himoglobini huachia oksijeni wapi? Kwenye tishu, ndani ya kapilari nyembamba kuliko chembe yenyewe. Kumbe kasoro hujionyesha mahali pabaya kuliko pote, pale ambapo chembe inapaswa kuwa laini ili ijipenyeze. Hapa mada ya muundo wa protini na mada ya mzunguko wa damu zimekutana, na umevuta mstari wa kwanza wenye thamani kwenye manila yako.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vingi vya shule hulipita, nalo linaeleza karibu kila kitu unachokiona hospitalini. Nyuzi hizo hazitokei papo hapo. Himoglobini ikishaachia oksijeni hupita muda mfupi wa kusubiri kabla nyuzi hazijaanza kukua. Chembe hupita kwenye kapilari kwa sekunde moja au chache, ikarudi mapafuni kujaa tena. Kwa hiyo chembe nyingi huponea chupuchupu: zinafika mapafuni kabla ya kupinda. Muda huo wa kusubiri hutegemea sana jinsi himoglobini ilivyosongamana ndani ya chembe. Msongamano ukiongezeka kidogo tu, muda hukatika vibaya.

Ukishika hilo huna haja ya kukariri orodha ya vitu vinavyoamsha maumivu ya selimundu. Upungufu wa maji mwilini hutoa maji kwenye chembe kwa osmosisi, himoglobini ikasongamana, muda wa kusubiri ukafupika. Baridi hubana mishipa, chembe zikachelewa njiani. Maambukizi hufanya kuta za mishipa zinate, chembe zikachelewa pia, na homa hukausha maji. Mahali penye hewa nyembamba, kama mlimani, hupunguza oksijeni tangu mwanzo. Ndiyo sababu mwenye selimundu huambiwa anywe maji mengi, avae nguo za kumkinga na baridi, na akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri ishuke.

Chembe inayopinda na kunyooka mara kwa mara huharibika utando, ikavujisha potasiamu na maji, ikazidi kukauka, na hivyo ikazidi kuwa tayari kupinda. Mwishowe haifikishi siku 120. Huishi siku 10 hadi 20. Fuata matokeo yake mwenyewe: upungufu wa damu, figo kutoa eritropoietini zaidi, uboho kufanya kazi ya ziada, bilirubini nyingi, macho ya njano na mawe kwenye kifuko cha nyongo, moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa dakika ili kufidia. Hizo ni mada tano, na sababu ni moja.

Figo na wengu

Kati ya viungo vyote ningekushauri usome viwili hivi kwa undani, kwa kuwa vinakulazimisha kutumia ulichokwisha jifunza.

Medula ya figo ni mahali pagumu. Ili nefroni iweze kukoleza mkojo, kitanzi cha Henle hupanga chumvi na urea kiasi kwamba sehemu ya ndani kabisa hufikia mkolezo wa kama miliosmoli 1,200 kwa lita, ilhali damu ya kawaida ni 300 hivi. Damu hupita huko polepole, maana ingekimbia ingeisomba chumvi yote. Oksijeni ni kidogo na asidi ipo. Jumlisha sasa: oksijeni ndogo, asidi inayosukuma mkunjo kulia, chumvi inayovuta maji kutoka kwenye chembe, na mwendo wa polepole. Vichocheo vyote vinne viko mahali pamoja. Vimishipa vya medula huziba na kufa, na figo hupoteza uwezo wa kukoleza mkojo. Mtoto mwenye selimundu hukojoa mara nyingi na hata kitandani usiku. Akigombezwa kwa hilo ameonewa. Naye kwa kukojoa sana hupoteza maji, jambo linalotufikisha tena kwenye kuamsha maumivu. Hata mbebaji tu, mwenye A moja na S moja, ambaye kwa kawaida haumwi, anaweza kupungukiwa na uwezo huo kidogo kidogo kadiri umri unavyosonga.

Wengu, au bandama, huchuja damu kwa kuipitisha kwenye mianya myembamba sana. Chembe ngumu hukwama. Katika miaka ya kwanza ya utoto wengu huweza kuvimba ghafla ukanasa damu nyingi, hali ya dharura ambayo wazazi hufundishwa kuitambua kwa kupapasa chini ya mbavu za kushoto. Baadaye husinyaa na kufa taratibu. Mada ya kinga inaingilia hapa: wengu ndio unaoondoa kwenye damu bakteria wenye ganda la sukari, hasa numokokasi wa nimonia. Ndiyo sababu watoto hawa hupewa penisilini kila siku hadi umri wa miaka mitano, pamoja na chanjo.

Nani anarithi nini

Wazazi wawili wabebaji, AS na AS, kwa kila mimba wana uwezekano wa robo kupata mtoto SS, nusu AS, robo AA. Maneno "kila mimba" yapigie mstari. Wengi hudhani wakishapata mtoto mmoja mgonjwa watatu wafuatao wamesalimika. Jeni hazina kumbukumbu ya mtoto aliyetangulia. Wakizaa watoto watatu, uwezekano kwamba hakuna hata mmoja mwenye SS ni robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu, yaani 27 chini ya 64, karibu asilimia 42. Uwezekano wa kupata angalau mmoja ni asilimia 58. AA na AS hawapati mtoto SS kabisa.

Swali linalowapambanua wanafunzi ni hili: S ni dominanti au resesivu? Usijibu haraka. Ukiangalia ugonjwa, S ni resesivu, kwa kuwa AS haumwi. Ukiangalia himoglobini yenyewe maabara, A na S zote zinaonekana kwa AS, kwa hiyo ni kodominanti. Ukiangalia kinga dhidi ya malaria kali, S moja inatosha, kwa hiyo S inafanya kazi kama dominanti. Jibu hutegemea unapima nini, na mtahini anayejua kazi yake anatafuta sentensi hiyo.

Ukitaka kujua hali yako mwenyewe, na ni busara kujua kabla ya kuchumbia au kuchumbiwa, uliza ni kipimo gani unachofanyiwa. Kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda zikinyimwa oksijeni huonyesha kwamba S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS. Elektroforesisi hutofautisha. Valini haina chaji hasi, molekuli moja ya himoglobini ina minyororo ya beta miwili, kwa hiyo S ina chaji hasi mbili pungufu kuliko A na hutembea polepole kuelekea upande chanya. Linus Pauling na wenzake walilitumia jambo hilo mwaka 1949 kuonyesha kwamba ugonjwa unaweza kukaa ndani ya molekuli moja, na Vernon Ingram akapata asidi amino yenyewe iliyobadilika mwaka 1957. Mtoto mchanga wa SS akipimwa huonyesha zaidi himoglobini ya kijusi pamoja na S kidogo. Huo ndio mkunjo wako wa kushoto: kwa miezi ya mwanzo gama inamkinga, na dalili huanza beta inaposhika nafasi, mara nyingi mtoto akikaribia nusu mwaka, mikono na miguu ikavimba kwa maumivu.

Kwa mada ya bioteknolojia, fahamu kwamba kimeng'enya MstII hukata DNA penye CCTNAGG, N ikiwa herufi yoyote. Jeni A ina CCTGAGG mahali pale, hukatwa. Jeni S ina CCTGTGG, haikatwi, na kipande kinatoka kirefu zaidi. Chora mistari ya AA, AS na SS kwenye jeli mwenyewe. Ukiipata AS bila kuangalia kitabu, umeelewa.

Toka nje ya mwili

Anthony Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Akakuta wabebaji wa S wamezidi asilimia 20 Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali nyanda za juu hawakufika hata asilimia moja. Ramani hiyo aliifahamu tangu utotoni: ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS hukingwa dhidi ya malaria. Chembe ya AS ikivamiwa na kimelea, oksijeni hupungua ndani yake, hupinda, na wengu huiondoa pamoja na mgeni wake. Utafiti wa baadaye umeonyesha AS hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Sasa hesabu. Chukua eneo la kufikirika ambalo mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na SS. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, q ya mraba ni 0.01, q ni 0.1, p ni 0.9. Wabebaji ni 2pq, yaani 0.18. Kwa kila mtoto mgonjwa mmoja kuna wabebaji kumi na wanane. Mwanafunzi makini atauliza: kanuni hiyo inadai pasiwe na uteuzi asilia, nasi tumetoka kusema malaria inachagua, itakuwaje? Ni pingamizi halali. Hesabu hii inafaa kwa watoto wanapozaliwa, kabla malaria haijapita kati yao. Ukipima watu wazima utakuta AS wengi kuliko 2pq, na ziada hiyo ndiyo alama ya uteuzi wenyewe. Andika hivyo kwenye pepa.

Ukiweza hayo, ongeza jambo la Kilifi. Mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake walionyesha huko kwamba aliyerithi S moja hukingwa, na aliyerithi alfa-thalasimia, kasoro ya mnyororo wa alfa, hukingwa pia. Lakini aliyerithi zote mbili kinga hizo hufutana. Jeni ya alfa iko kromosomu ya 16, ya beta iko ya 11, zinarithiwa kila moja kivyake, na bado matokeo ya moja hutegemea nyingine. Sijui mfano mzuri zaidi wa epistasisi kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Vitabu vyetu vimeng'ang'ania rangi za panya.

Kuwasha jeni iliyolala

Mkunjo wa kushoto unarudi mara ya pili. Kama gama humkinga mtoto mchanga, kwa nini isiwashwe tena kwa mkubwa? Jeni ya gama haikupotea, imezimwa tu. Dawa ya haidroksiurea huongeza himoglobini ya kijusi, na minyororo ya gama huvuruga ujengaji wa zile nyuzi. Protini iitwayo BCL11A ndiyo mmoja wa wazimaji wakuu. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, huchukua seli za uboho za mgonjwa, hukata kwa CRISPR kitufe kinachowasha BCL11A kwenye seli za damu, kisha huzirudisha mwilini. Angalia ujanja wake: herufi iliyokosewa kwenye beta imeachwa vilevile. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo Kilifi na Mwanza bado ni haidroksiurea na penisilini, na hizo nazo hazimfikii kila anayezihitaji.

Jipime

Kila jioni chukua mstari mmoja wa manila yako, umweleze mtu kwa sauti kwa Kiswahili, bila daftari. Mdogo wako anafaa kuliko mwanafunzi mwenzako kwa sababu haoni haya kuuliza "kwa nini?" Ukikwama, hapo ndipo pa kusoma kesho. Ukishaweza, andika jibu lilelile kwa Kiingereza cha mtihani.

Kisha solvu haya. Kwa nini mgonjwa wa SS kuongezewa damu kiholela hadi damu yake iwe nzito ni hatari ingawa ana upungufu wa damu? Dokezo: mwendo kwenye kapilari. Kwa nini mbebaji anayefanya mazoezi makali juani bila maji huweza kudhurika ilhali kwa kawaida haumwi? Dokezo: unalo kwenye sehemu ya muda wa kusubiri.

La mwisho litolee hesabu kamili. Malaria ikitokomezwa kabisa katika eneo letu la kufikirika lenye q ya 0.1, S itatoweka baada ya muda gani? Tuseme kwa ukali kwamba SS hawazai kabisa. Kati ya jeni zote za S, asilimia 90 zimo kwa wabebaji, ambao hawaumwi, na uteuzi hauzioni. Kila kizazi q mpya ni q ya zamani kugawanya kwa moja kujumlisha q ya zamani. Ifuatilie: 0.1, kisha 0.0909, kisha 0.0833. Ili ifike 0.05, nusu tu ya ilikoanzia, vinahitajika vizazi 10. Ukikadiria kizazi kimoja kuwa miaka 25, hiyo ni miaka 250.